Maji ya Kombeni yamefika wapi? Barua ya wazi kuhusu vipimo vya mito na hori za Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Waziri wa Kaunti anayesimamia maji na mazingira. Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Idara ya Hali ya Hewa. Na Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti.

KUH: VIPIMO VYA MAJI VIWEKWE MTANDAONI, WAZI KWA KILA MTU

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, sisi mafundi wa vipimo, masoroveya na wahandisi wa maji tunaofanya kazi Mombasa. Ombi letu ni moja. Mtu yeyote mwenye simu, awe Jomvu Kuu au Mishomoroni, aweze kujua saa yoyote maji ya mto au hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) iliyo karibu naye yamefika wapi, yanapanda au yanashuka, na yamebakisha sentimita ngapi kuingia barabarani. Tangazo la mvua kubwa kwa Pwani nzima haliwezi kumjibu swali hilo.

Mombasa haifuriki kwa mvua peke yake. Hori ya Tudor inapokea mto Kombeni na mto Tsalu. Hori ya Port Reitz inapokea Mwache, Cha Shimba na Mambome. Yote ni mito ya msimu. Ikiteremka kutoka upande wa Rabai na Kinango hukutana na bahari ambayo siku za bamvua, yaani za maji makuu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mvua ikinyesha maji yamekupwa, mto hupata pa kumwaga. Mvua ileile ikinyesha maji ya bamvua yamejaa, mto husimama, hurudi nyuma, na mitaro ya mji inayofungukia horini nayo haimwagi tena. Wala saa ya bamvua si siri: hapa kwetu hujaa takriban saa 10 hadi saa 11, alasiri na tena alfajiri, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Alasiri hiyo ndiyo watoto wanatoka shule na watu wanapanda matatu kurudi makwao.

Kwa hiyo kipimo cha mto kisichojua bahari iko wapi ni nusu ya kipimo. Hili ndilo tunalotaka lieleweke kabla ya shilingi ya kwanza kutumika, kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa mito ya bara, nazo hesabu zake hazijui bamvua ni kitu gani.

Mahali kwanza, kifaa baadaye

Kila mto unahitaji kipimo juu ya pale bahari inapoishia, na hori nayo inahitaji chake. Cha juu kinaonyesha mto unaleta nini. Cha chini kinaonyesha mto na bahari vinafanya nini vikikutana. Kosa la kawaida ni kufunga kipimo cha mto darajani kwa sababu daraja lipo na gari linafika, kumbe hapo maji ya bahari huingia mara mbili kwa siku. Kutazama mikoko hakutoshi, maana bahari husukuma maji matamu nyuma hata kupita pale chumvi inapokoma. Njia ya hakika ni kuzamisha kihisi cha muda wakati wa kiangazi, kikiandika kila dakika 10 kwa siku 15, ili kipitiwe na bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Mchoro ukionyesha mawimbi yanayorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, bado uko ndani ya bahari. Panda juu zaidi, uanze tena.

Kwa kuanzia tunapendekeza vituo sita: Kombeni, Tsalu na Mwache, kila kimoja juu ya mpaka wa bahari, kimoja hori ya Tudor upande wa Jomvu, kimoja Daraja la Makupa, na kimoja kwenye kalvati (njia ya maji chini ya barabara) kubwa ya mji ambayo wahandisi wa kaunti wenyewe wanaijua kwa kuziba. Makupa tunaitaja kwa makusudi. Tangu tuta la zamani liondolewe na daraja kufunguliwa mwaka 2022, maji yanapita kati ya Tudor na Port Reitz, na mtu asikadirie mwendo wa maji ya hapo kwa mazoea ya enzi za tuta.

Vituo vitatu vya juu viko Kilifi na Kwale, si Mombasa. Hapo Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kazi ya kufanya, na makubaliano yaandikwe kabla ya nguzo kusimamishwa. Daraja la barabara kuu lina mwenyewe pia: bila kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, mkono wa chuma unaobeba kifaa utang'olewa siku daraja likikarabatiwa.

Kwenye kalvati weka vihisi viwili, juu na chini yake. Tofauti ya kimo ikianza kukua ilhali mvua haijaongezeka, kalvati inaziba kwa taka. Habari hiyo humfikia msimamizi wa usafi kabla maji hayajapanda barabarani, na kwa gharama yake hatujui kama kuna kifaa kingine kinachoilipa kaunti haraka hivyo.

Kifaa gani

Kwa madaraja ya Mombasa chagua rada ya gigahezi 80. Haigusi maji, haijali joto, na mwale wake ni mwembamba: wa digrii 8, kutoka mita 5 juu, huangukia duara la sentimita 70 hivi. Mkono unaokibeba utoke angalau mita 1 mbele ya daraja ili nguzo isiingie ndani ya duara hilo, na uwe mgumu. Mkono ukilegea sentimita 5, maji yataonekana yamepanda sentimita 5 na hakuna atakayejua kwa nini.

Vihisi vya mawimbi ya sauti ni rahisi, na kwa kalvati fupi vinafaa. Kwa daraja vina tatizo la jua. Sauti hukimbia kasi zaidi hewa ikiwa na joto, kwa hiyo kifaa hujisahihisha kwa kipimajoto chake. Boksi likipigwa na jua la mchana, kipimajoto hupima joto la boksi badala ya hewa iliyo juu ya maji. Kosa la nyuzi 10 kwenye umbali wa mita 5 ni sentimita 8 au 9, nalo huelekea upande wa hatari: linaonyesha maji yako chini kuliko yalivyo. Boksi lifunikwe kivuli cheupe chenye pengo la hewa. Utando wa buibui na viota vya nyigu kwenye mdomo wa kihisi pia husomeka kama maji yaliyofurika ghafla. Mswaki wa mkono mrefu ni kifaa cha lazima kwa fundi.

Kihisi cha shinikizo kinachozama tunakipinga kwa hori, hata kikitolewa msaada. Kimetengenezwa kwa maji matamu. Mita 4 za maji ya bahari kitazisoma kama mita 4.10, na huwezi kurekebisha mara moja ukaachana nayo, kwa sababu mvua ikinyesha chumvi hupungua na kosa hubadilika. Kisichokuwa na mrija wa hewa huongeza kosa la sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 ya shinikizo la hewa. Chenye mrija kinahitaji chembe za kufyonza unyevu zibadilishwe, na kwa unyevunyevu wa Pwani hazidumu. Juu ya hayo yote, tope hukifukia na viumbe wa baharini hukiganda. Kwa mito mitatu ya juu, pale pasipo na daraja, kinakubalika.

Kando ya kila kihisi, chochote utakachochagua, pawe na ubao wa vipimo uliopigwa sentimita kwa sentimita na unaosomeka kutoka ukingoni. Ubao huo ndio hakimu. Sufuri yake iwe chini ya kitako cha mto ili pasitokee namba za kutoa. Soroveya afunge urefu wa sufuri kwenye alama ya kudumu nje ya maji, aandike na kupiga picha. Hesabu ya rada yenyewe ni ndogo: mkono uko mita 6.20 juu ya sufuri, rada inasoma mita 4.85 hadi majini, basi maji yako mita 1.35. Hiyo 6.20 ikipotea, kituo kimepotea.

Kuna mtego mwingine wa urefu. Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari huhesabu kutoka usawa wa chati za baharini, ulio karibu na pale maji ya bamvua yanapokupwa. Ramani za ardhi huhesabu kutoka wastani wa bahari. Hapa Mombasa tofauti ni zaidi ya mita moja na nusu. Mhandisi akichanganya hizo mbili, kiwango cha tahadhari kitalia kila siku au hakitalia kamwe. Kila kituo kitangaze kinatumia ipi, na namba ya kugeuzia iwekwe hadharani.

Umeme na mawasiliano

Kituo kinacholala kati ya vipimo hakili umeme mwingi. Kikitumia wastani wa wati 0.15, ni watisaa 3.6 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampeasaa 7 ina watisaa 84; ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 42, yaani siku 11 bila jua. Paneli ya wati 20 inatosha, mradi isifungwe chini ya mwembe. Bolti na mikono iwe ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Cha 304 chumvi ya hori hukitoboa. Alumini isigusane na chuma bila plastiki katikati.

Ujumbe wa baiti 100 kila dakika 5 ni jumbe 288 kwa siku, chini ya megabaiti 1 kwa mwezi kabla ya nyongeza za mtandao. Bando si tatizo. Tatizo ni nani analipa: laini ya kulipia kabla iliyosajiliwa kwa jina la mfanyakazi mmoja hufa siku akihama idara. Laini ziwe za taasisi na za malipo ya mwezi. Na kwa kuwa mnara wa simu unaweza kuzimika siku ileile ya dhoruba, kifaa kiandike kwanza kwenye kadi yake ya kumbukumbu, kisha kitume. Mtandao ukirudi kitume yote kilichonacho, kila kipimo na saa yake. Kituo cha hori kiwe na laini mbili za kampuni tofauti.

Usomaji mmoja usiaminiwe. Kila mara kichukue 15 kwa sekunde chache, kiupange kutoka mdogo hadi mkubwa, kitume ule wa katikati. Wimbi la boti au debe linaloelea halitafika mtandaoni.

Ukurasa wenyewe

Tunaomba ukurasa mwepesi, usiozidi kilobaiti 100, ufunguke kwa simu ya bei ya chini yenye mtandao dhaifu. Kwa kila kituo: kimo cha sasa, saa kilipopimwa, mshale wa kupanda au kushuka, mchoro wa saa 24 na wa siku 7, na mstari unaoonyesha maji yakifika barabarani. Data ghafi ipakuliwe bure na yeyote, bila kuomba nywila, ili redio, walimu na wavuvi watengeneze vyao. Uingereza hufanya hivyo kila dakika 15; Marekani hufanya hivyo kwa vituo zaidi ya 8,000. Hapa nyumbani tayari kuna mfano: kipimo cha bahari cha Mombasa kimo katika mtandao wa dunia wa GLOSS, na usomaji wake huonekana kwenye ukurasa wa vituo vya usawa wa bahari wa tume ya bahari ya UNESCO. Mto unaomwaga kwenye bahari hiyohiyo unastahili vivyo hivyo.

Mwenye kabambe asiachwe. Msimbo wa USSD unaorudisha mistari mitatu unatosha: *Jomvu, mita 2.40, yanapanda. Saa 9:45 alasiri. Yamebakisha sm 35.*

Saa, Waheshimiwa, iandikwe kwa uangalifu. Seva huhifadhi saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Nayo saa ya Kiswahili hupishana na saa ya kompyuta kwa saa 6. Mtu akiona "03:15" ataisoma saa tisa na robo usiku, au saa tatu na robo asubuhi, au kumbe ni saa ya dunia, yaani saa kumi na mbili na robo asubuhi kwetu. Ukurasa uandike "saa 9:15 alasiri" kwa maneno, na 15:15 kando yake.

Na hili tunalisisitiza kuliko yote ya ukurasa: kipimo kikifa, kionekane kimekufa. Usomaji wa mwisho ukipita dakika 30, rangi iondoke na pawe na maandishi "hakuna kipimo tangu saa fulani". Pengo lisijazwe kwa kukadiria. Rangi ya kijani ikibaki kiooni huku kifaa kimesombwa na maji, ukurasa huo umemdanganya mama aliyeutazama akaamua kulala.

Tahadhari isiyolia ovyo

Programu nyingi huja na kengele ya kasi: maji yakipanda sentimita 10 kwa dakika 15, lia. Horini kengele hiyo italia kila bamvua. Maji ya bamvua yenye tofauti ya mita 3.2, katika saa ya tatu na ya nne ya kujaa, hupanda karibu sentimita 80 kwa saa, yaani 20 kila dakika 15, pasipo tone la mvua. Wiki mbili za kengele za uongo na hakuna atakayezisikiliza tena.

Vituo vya hori visitumie kasi, vitumie ziada. Ziada ni kimo kilichopimwa ukitoa kimo ambacho bahari peke yake ingefikia saa ile. Jedwali la bandari ya Kilindini halitoshi kwa kazi hii, kwa sababu maji huchelewa na kubadilika umbo yakiingia ndani ya hori. Kusanya mwezi mmoja wa vipimo kwenye kituo chenyewe, ufanye hesabu ya kwanza. Irudie mwaka ukitimia. Ziada ikizidi kiwango, na maji yakiwa bado yanajaa, hapo ndipo pa kutuma ujumbe, baada ya vipimo viwili mfululizo kukubaliana na afisa wa zamu kuthibitisha.

Viwango vyenyewe vitoke mtaani. Soroveya atembee na wazee wa mtaa, apime kizingiti cha nyumba ya chini kabisa, ukingo wa kalvati, na barabara pale inapoinama. Alama za maji ya vuli ya 2023 zilizobaki kwenye kuta azipime kabla hazijapakwa rangi. Mvua pia ipimwe huko juu, Rabai na Kinango, kwa vipimamvua vya kindoo kinachopinduka kila milimita 0.2, vitatu vinatosha kuanza, na huko ndiko muda wa kujiandaa unakotoka.

Baada ya picha za uzinduzi

Vituo havifi kwa mafuriko. Vinakufa kwa kusahauliwa. Kila mwezi fundi aende na ngazi, mswaki, bolti za akiba na daftari, alinganishe rada na ubao. Tofauti ikizidi sentimita 2, atafute sababu kabla ya kubadilisha namba. Kwa hori aende siku ya bamvua, asome mara mbili, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa: tofauti ikilingana mara zote mbili, sufuri imehama, isipolingana, kihisi chenyewe kina kasoro. Siku za maji mafu hazitamwonyesha hilo.

Betri huibiwa. Boksi liwe juu mita 4, lichomelewe, lifungwe kwa bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, na liandikwe kwa Kiswahili kazi yake. Lakini ulinzi hasa ni watu. Vyama vya watumiaji maji kule mitoni na vikundi vya usimamizi wa ufuo huku horini vilipwe posho ndogo ya kila mwezi kwa kusoma ubao na kutuma picha. Bajeti ya kila mwaka ya matengenezo iwe angalau theluthi moja ya bei ya kununulia, iandikwe kwenye makadirio ya kaunti, isitegemee mfadhili.

Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti usimamizi wa maji ya mvua mijini, na Kifungu cha 35 kimempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba ndani ya siku 21: orodha ya vipimo vyote vya maji vilivyowahi kuwekwa kwenye mito na hori tulizozitaja, data yake ghafi jinsi ilivyo, hata yenye mapengo, na cheo cha afisa anayeisimamia. Kabla ya mvua za vuli tunaomba vituo viwili tu visimame, Kombeni juu na Jomvu chini, ukurasa ukiwa wazi kwa umma tangu siku ya kwanza ya majaribio.

Siku ya bamvua mtakayoichagua, tutawapeleka maafisa wenu Jomvu, tuanze saa 4 na nusu asubuhi maji yakiwa yamekupwa, hadi yatakapojaa alasiri, tuwaonyeshe pa kusimamisha ubao. Waje na viatu vya mpira na ramani yenye alama za urefu.

Wenu kwa heshima,

Mafundi wa vipimo, masoroveya na wahandisi wa maji
Mombasa